Wapeleka-habari wa Siku za Ebola

Wasomaji wetu wa Beni, Butembo na Goma wanaikumbuka vizuri ile sauti. Simu ililia usiku, katika kikundi cha WhatsApp cha jamaa, au cha parokia, au cha motari wa barabara moja, na mtu asiyejitaja jina akasema mbiombio, kama mtu anayekimbizwa: msikubali kuchanjwa, chanjo ile inaua, msipeleke mgonjwa katika hema zao, hatarudi. Sauti ile ikarushwa toka simu hata simu, na kabla jogoo hajawika ilikuwa imekwisha kufika vijijini, mahali ambapo gari la waganga lilikuwa halijafika bado kwa sababu ya matope na ya watu wenye silaha.

Siku zile walikuwako vijana waliopewa kazi mpya kabisa. Hawakupiga sindano, wala hawakuzika. Walitakiwa kukaa katika vikundi vya simu walimokuwamo tangu zamani, wasikilize kinachosemwa, wakipeleke kwa watu wa Wizara ya Afya, kisha warudishe jibu la kweli mahali palepale uongo ulipopita. Tunataka kuandika habari zao kidogo, maana maandiko mengi juu ya Ebola yanataja waganga, dawa na fedha, lakini hao wapeleka-habari wanapata mstari mmoja, kama wanaupata. Na ili tuwafahamu vema, yafaa tuanze mbali, kule Yambuku.

Yambuku ni misioni iliyo kaskazini ya mto Kongo, katika Ekwateri ya siku zile. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1976 mwalimu mmoja wa shule ya misioni alipata homa. Wakadhani ni malaria, na tarehe 26 akapigwa sindano ya klorokini. Tarehe 8 Septemba alikuwa maiti. Hospitali ile ilikuwa na sindano tano tu za kutumia kila siku kwa wagonjwa wa nje, nazo zilisuuzwa tu kati ya mtu na mtu. Basi ugonjwa ukapitia katika ncha ya sindano, mahali ambapo watu walikuja kutafuta uzima. Kati ya watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa, nao Masista hawakuachwa. Tarehe 30 Septemba hospitali ikafungwa. Jumla ya waliougua ilikuwa 318, na waliokufa 280.

Lakini katika habari ya Yambuku kuna mambo mawili ambayo hayasemwi sana, nayo ndiyo tunayoyataka hapa. La kwanza: waganga wageni walipofika mwezi wa Oktoba, waliwakuta Masista waliobaki wamejifungia katika nyumba ya wageni, wamezungusha kamba, na mtini wametundika tangazo kwa Kilingala, kwamba mtu asivuke, maana anayevuka anaweza kufa, na mwenye neno aliandike katika karatasi. Masista wale hawakuijua virusi. Hawakuwa na dawa. Walikuwa na kamba, karatasi, na lugha ambayo kila mpita-njia aliisoma. La pili: vijiji vingi vilikuwa vimekwisha kujifunga vyenyewe. Wazee walikumbuka desturi ya siku za ndui, wakaweka vizuizi njiani, wakakataza watu kutembeleana. Waganga walipozunguka vijiji hivyo waliona kwamba kazi moja kubwa ilikuwa imekwisha fanywa na watu ambao hakuna aliyewafundisha. Tena jina lenyewe la ugonjwa lilichaguliwa kwa huruma: walikwepa kuuita Yambuku, ili misioni ile isibaki na aibu milele, wakatwaa jina la mto Ebola ulio mbali kidogo.

Kikwit tutaipita upesi. Huko mwaka wa 1995 watu 315 waliugua, wapata 250 wakafa, na kati yao Masista sita kutoka Bergamo katika Italia, waliokaa hospitalini na wagonjwa wao mpaka mwisho. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu walikusanya maiti nyumba kwa nyumba. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekwenda Yambuku akiwa mganga kijana, alikuwako Kikwit pia, na tangu hapo amesema mara nyingi kwamba ugonjwa huu hauzimiki wenyeji wasipoushika wao. Siku zile simu za mkononi zilikuwa mali ya wakubwa wachache wa Kinshasa. Uongo ulikwenda kwa miguu, na ukweli nao ukaweza kuufuata kwa miguu.

Miaka 23 baadaye mambo yalikuwa yamegeuka kabisa. Tarehe 1 Agosti 2018 Serikali ilitangaza kwamba Ebola iko Mangina, karibu na Beni. Juma moja tu lilikuwa limepita tangu kutangazwa mwisho wa Ebola nyingine, ile ya Ekwateri. Waganga walikuja na chanjo ambayo Yambuku na Kikwit hawakuiota, na baadaye wakapata dawa mbili zilizoponya wengi waliowahi kufika mapema. Kwa hesabu ya maarifa, ugonjwa huu ungalipaswa kuwa mdogo. Kumbe ulidumu hata tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Kwa sababu gani?

Wageni wengi walijibu haraka: ujinga. Sisi tunasema kwamba jibu hilo ni la mtu asiyeuliza. Mwezi wa Septemba 2018 wachunguzi waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mtu mmoja katika kila wanne alisema Ebola haipo. Wakihesabiwa pamoja wote waliosema kwamba haipo, au imetungwa ili watu wapate fedha, au imetungwa ili kuvuruga nchi, walikaribia nusu. Lakini wachunguzi walewale waliuliza neno jingine pia: je, mnaamini kwamba wakubwa wa hapa wanatafuta faida yenu? Waliokubali hawakufika theluthi moja. Ukisoma hesabu ya pili, unafahamu ya kwanza.

Maana watu wa Beni walikuwa wakichinjwa tangu Oktoba 2014. Mamia kwa mamia waliuawa mashambani na vijijini, na misafara ya magari meupe haikuonekana. Kisha ukaja ugonjwa, na magari yakajaa barabarani, hoteli zikajaa, nyumba zikapanda bei. Mama aliyezika watoto wawili waliouawa kwa panga akauliza: kifo cha namna hii ndicho kinachowaleta, na kile cha kwanza hakikuwagusa? Sasa mjibu, wewe kijana mwenye simu. Tena mwaka wa 2019 surua ilienea katika Kongo nzima, ikaua watu zaidi ya 6,000 mpaka mwanzo wa 2020, wengi wao watoto wadogo, nayo haikupata hata kidogo kelele ile.

Mambo ya siasa yakamwaga mafuta motoni. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, ilitangazwa kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura hata mwezi wa Machi, na moja ya sababu zilizotajwa ni Ebola. Kesho yake kituo cha wagonjwa Beni kikavamiwa, na wagonjwa waliokuwa wakingoja kupimwa wakakimbia. Tarehe 30 watu wa Beni wakajipangia uchaguzi wao wenyewe, wakapiga mstari mrefu, na wengine wakanawa mikono kabla ya kupiga kura, kuonyesha kwamba ugonjwa si kizuizi. Kisha tarehe 31 intaneti ikakatwa katika nchi nzima karibu majuma matatu. Vijana wetu wapeleka-habari wakanyamaza kwa lazima, katika siku zilezile ambapo neno la kweli lilihitajiwa kuliko siku nyingine zote. Na uongo? Uongo haukuhitaji intaneti. Ulirudi katika njia yake ya kale, sokoni, kisimani na juu ya piki-piki.

Basi kazi yenyewe ilikuwaje? Watu wengi wanafikiri kwamba mpeleka-habari wa afya ni mtu wa kurusha picha nzuri na maneno ya amri: nawa mikono, usiguse maiti, piga namba hii. Mwanzoni ndivyo ilivyokuwa, na haikusaidia sana. Watu walikuwa wamekwisha sikia amri hizo mpaka masikio yamechoka. Jambo lililogeuza kazi lilikuwa kusikiliza. Wizara iliomba vijana waripoti maneno yanayopita katika simu zao. Jibu likatengenezwa, likarudishwa kwa WhatsApp na kwa redio za mahali. Nao wajitolea wa Msalaba Mwekundu, waliotembea nyumba kwa nyumba, walianza kuandika kila swali, kila shaka na kila tusi waliloambiwa. Karatasi hizo zilikusanywa na kuhesabiwa, ili wakubwa wa Riposti wajue juma hili watu wanaogopa nini. (Riposti ndilo jina ambalo watu walilitoa katika Kifaransa, kuwaita wote waliokuja kupigana na Ebola.)

Mfano mmoja unatosha kuonyesha faida yake. Katika karatasi zile neno moja lilirudi tena na tena: mifuko ya maiti. Watu walisema kwamba katika mifuko ile hamna ndugu yao, mna mawe au udongo. Au kwamba ndugu yumo, lakini viungo vyake vimeibiwa. Ungeweza kujibu kwa hasira kwamba ni uongo. Ungeweza kutuma ujumbe mia moja. Lakini fikirini, nyinyi mliozika wazazi: umemtoa baba nyumbani akiwa hai, umerudishiwa mfuko usio na uso, na mtu aliyefunikwa toka kichwa hata miguu anakuambia usikaribie. Je, ni ujinga kuuliza nani yumo ndani? Jibu lililowafaa watu halikuwa neno. Ikaletwa mifuko yenye kuonyesha uso, na jamaa wakamwona maiti wao kabla ya kumfukia. Vilevile shirika moja la waganga likaleta vyumba vya nailoni ngumu, angavu kama kioo, hata mke akaweza kukaa nje akimtazama mume wake kitandani na kusema naye. Mambo hayo yakawapa vijana wa simu kitu cha kuonyesha. Kabla yake walikuwa na maneno matupu.

Tuseme pia juu ya lugha, jambo tunalolishika sana katika gazeti hili. Mabango ya kwanza yaliandikwa kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili sanifu cha vitabuni ambacho mama wa Kinande hakitumii nyumbani. Mwaka wa 2019 wataalamu wa shirika la Translators without Borders waliuliza watu wa Beni na Goma, wakaona kwamba maandishi mengi hayakufahamika, na kwamba watu walitaka Kiswahili wanachokisema wao, au Kinande, kwa maneno mepesi lakini yenye habari kamili. Lakini kuna neno lililotuudhi sisi kuliko yote. Mgonjwa aliyengoja kupimwa aliitwa «suspect», na wengine wakafasiri moja kwa moja: mshukiwa. Kwetu mshukiwa ni mtu wa polisi! Unamwita mama mgonjwa mshukiwa, kisha unashangaa kwamba amekimbilia porini? Mpeleka-habari aliyezaliwa Butembo asingeliandika hivyo. Angeliandika: mgonjwa anayengoja majibu. Ndiyo maana mtu wa mahali, hata akiwa hana diploma, alikuwa na thamani ambayo mgeni hakuweza kuinunua.

Sasa tunafika kwenye fundo gumu la habari hii. Vijana wale walitumwa kupiga vita na uvumi. Lakini je, uvumi wote ulikuwa uongo? Watu walisema: hii ni biashara ya Ebola, wakubwa wanakula. Mwezi wa Machi 2020, huko Kinshasa, aliyekuwa waziri wa afya alihukumiwa miaka mitano kwa ajili ya fedha za Ebola. Watu walisema: wanaume wa Riposti wanawadai wasichana miili yao ili wawape kazi. Mwezi wa Septemba 2021 tume iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe ilitoa taarifa yake: ilitaja watu 83 walioshtakiwa kwa mambo hayo, na 21 kati yao, au zaidi, walikuwa wameajiriwa na Shirika hilo. Basi kijana aliyeandika katika kikundi chake mwaka wa 2019 kwamba maneno hayo ni uzushi wa adui, leo anatazamaje marafiki zake?

Tunaona kwamba hapa ndipo palipokuwa mtihani wake wa kweli. Aliyejibu kila neno kwa «si kweli» alipotea, maana watu walimwona ni kinywa cha wenye magari. Aliyesema, «Ebola ipo, nimeiona, lakini juu ya fedha mimi sijui, na nyinyi mna haki ya kuuliza», huyo alisikilizwa. Lakini kusema hivyo kulitaka moyo, kwa sababu wakubwa wa kazi hawakupenda, na jirani walikuwa wakimshuku tangu mwanzo kwamba naye amekwisha lishwa. Neno «kujitolea» lilikuwa zito katika nchi ambako kijana mwenye diploma anaendesha piki-piki kwa kukosa kazi. Kila aliyevaa fulana ya Riposti alihesabiwa kuwa tajiri, hata akirudi nyumbani kwa miguu na njaa.

Wala hatari haikuwa ya maneno tu. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili Daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu Butembo. Na usiku wa tarehe 2 Novemba 2019, huko Lwemba katika Ituri, watu walimwingilia nyumbani Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya kijiji, wakamwua, wakamjeruhi mke wake, wakachoma nyumba. Alikuwa ametoka kutangaza juu ya Ebola. Redio ya Lwemba ni redio ndogo. Mtangazaji wake hakuwa mgeni wala mtu wa magari. Alikuwa jirani aliyesema na majirani zake kuhusu kunawa, kuchanjwa na kuzika. Tumelifikiria jambo hili mara nyingi. Tumesema hapa juu kwamba mtu wa mahali anaaminiwa kuliko mgeni. Ni kweli, lakini mtu wa mahali hana pia ndege ya kuondokea.

Ebola ilirudi Butembo mwezi wa Februari 2021. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa mwanamke ambaye mume wake aliponyoka mara ile ya kwanza. Wapeleka-habari wakapata shida mpya: kueleza kwamba virusi yaweza kujificha muda mrefu katika mbegu za mwanaume aliyepona, na kulieleza hivi kwamba waliopona wasifukuzwe na jirani zao. Lakini mara hii wauguzi wa Butembo waliijua kazi, chanjo ilikuwa na jina lililozoeleka, na watu wengi walikuwa wameonja wenyewe uchungu wa kukataa. Walioambukizwa walikuwa 12, waliokufa 6, na tarehe 3 Mei ugonjwa ukatangazwa umekwisha. Hatusemi kwamba simu za vijana ndizo zilizofanya hayo. Tunasema tu kwamba mara hii hatukusikia habari ya hema lililochomwa moto.

Katika majuma yaleyale simu zilianza kulia tena usiku, kwa neno lingine. Tarehe 2 Machi 2021 chanjo za Covid milioni 1.7 zilikuwa zimefika Kinshasa. Serikali ikasita, kwa sababu ya habari za damu kuganda zilizotoka Ulaya, na kazi ya kuchanja ikaanza tarehe 19 Aprili tu. Ile sauti isiyojitaja jina ilikuwa imewahi mbele: chanjo ile inaua, msikubali. Mwisho wa Aprili wakubwa walipiga hesabu, wakaona chanjo zitaharibika kabla ya kupata mikono ya kuzipokea, wakaamua kuzirudisha milioni 1.3 ili zipewe nchi nyingine. Mwezi wa Mei 350,000 kati yake zikashushwa Ghana.